Mlima wa Sentimita Sita

Nakumbuka Jumatano moja ya mvua, mwanangu, ule mwaka wa Elnino, nikiwa nimeketi katika chumba cha walimu na kikombe cha chai mkononi, moyo wangu ukaruka hata chai ikanimwagikia sketi. Nilikuwa nimeambiwa jambo dogo tu na msichana wa kidato cha tatu. Nitakusimulia jambo lenyewe, lakini keti vizuri kwanza, na hiyo simu iweke chini kidogo. Mimi nikianza simalizi upesi. Wanangu wa kuzaa wamenizoea, na wewe utanizoea.

Ujue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa hivyo. Mtoto akichelewa dukani, kichwani mwangu nimeshamzika. Mbwa wa jirani akibweka mchana, naenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nikikosa cha kuogopa, nitaogopa huko kukosa kwenyewe. Kwa hiyo nikizungumza nawe juu ya hofu usidhani nakuhubiria. Hofu nimeishi nayo nyumba moja.

Siku hizo nilikuwa mwalimu kijana wa jiografia katika shule ya kutwa huko vilima vya Kalama. Wanafunzi wangu walikuja kwa miguu, na msimu ule wengi walikuja na viatu mkononi wasivimalizie matopeni. Nilikuwa na bidii nyingi na subira kidogo. Nilitaka wapite mtihani, na mtihani wa jiografia unapenda ramani kuliko mtoto anavyopenda sukari. Nikawakazania ramani asubuhi na mchana.

Muhula ule nilikuwa nawafundisha kuchora mkato wa mlima. Ni hivi: ukikata mkate kwa kisu ukautazama pale ulipokatwa, unaona umbo lake kwa upande. Mlima huwezi kuukata, ila ramani ina mistari inayouzunguka, kila mstari ukipita mahali penye kimo kimoja. Mistari hiyo tunaiita kontua. Ukizifuata kontua unaweza kuchora umbo la mlima kwa upande, kutoka chini hadi kileleni, hata kama hujawahi kuuona kwa macho. Wanafunzi walilipenda somo hilo. Nikawaambia kila mmoja achore mlima ulio karibu na kwao, nikijiona mwalimu hodari sana kwa wazo hilo.

Sasa hapo kuna ujanja mmoja. Ukiuchora mlima kwa kipimo kilekile kwenda kando na kwenda juu, unatoka mdogo mno. Mlima ambao mtu anaupanda akihema na kupumzika njiani, kwenye karatasi unakuwa na kimo cha punje ya mchele. Hakuna cha kuona. Kwa hiyo wachoraji huuvuta mlima kwenda juu. Upana wanauacha ulivyo, kimo wanakikuza. Vitabu vyote hufanya hivyo. Kisha mwanafunzi anatakiwa kukokotoa ameuvuta mara ngapi. Niliwaonyesha njia ya kukokotoa, nikaiandika ubaoni, nikaizungushia chaki ya rangi, tukaendelea na mengine.

Katika darasa lile alikuwamo msichana mmoja, nimwite Ndinda. Mrefu, mkimya, na hesabu zake zilikuwa safi kuliko za wavulana wote waliokuwa wakijigamba kule nyuma. Kwao kulikuwa chini kabisa ya mlima. Aliuchora mlima wao kwenye karatasi ya grafu, ukasimama sentimita sita kwenda juu, na kutoka nyumba yao hadi kileleni ni sentimita tatu tu kwenda kando. Ukiutazama, ni ukuta. Chini ya ukuta huo akatia nukta nyekundu: nyumbani kwao. Akakokotoa, akaandika kwamba mlima umevutwa mara kumi. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Nikaweka alama ya vyema, nikaandika chini yake kwa wino wangu, "Vizuri sana," na nikamrudishia akaende nayo nyumbani.

Nilidhani mtoto akiandika kumi, basi ameelewa kumi.

Nyumbani kwao, kama kwetu sote, jioni watu walizunguka redio. Redio nayo msimu ule haikuwa na habari nyingine. Kila siku ilikuwa madaraja yamebebwa, barabara zimekatika, na huko sehemu nyingine za nchi ardhi imeporomoka kutoka milimani na kufunika nyumba pamoja na wenyewe. Hebu fikiria, mwanangu. Mvua inapiga bati juu ya kichwa chako, redio inasema milima inaanguka, na mbele yako kuna picha ya mlima wenu, umeichora wewe mwenyewe kutoka ramani ya serikali, umesimama wima juu ya nukta nyekundu. Na mwalimu ameandika vizuri sana.

Basi Jumatano ile niliona kiti cha Ndinda kiko kitupu tangu mwanzo wa wiki. Wakati wa chai nikamwita jirani yake nikamuuliza kama mwenzake ni mgonjwa.

"Si mgonjwa, madam. Wanahama," akaniambia. "Mlima unakaribia kuwaangukia. Alionyesha baba yake ile picha. Baba yake ameita mwethya, wametoa mabati, wanajenga kule chini kwa tambarare. Na Jumamosi watahamisha watu wengine wa pale."

Mwethya ni ile desturi yetu ya Ukambani, majirani wanakusanyika na kumfanyia mmoja wao kazi ambayo peke yake ingemchukua msimu mzima: kuchimba matuta ya shamba, kujenga, kuvuna. Ni jambo zuri sana. Lakini pia lina kasi, nakuambia. Mtu mmoja akikosea kuamua, mikono mingi inamsaidia kukosea haraka.

Mwanzoni nilitaka kucheka. Mlima ule niliujua. Ulikuwa mlima wa kawaida, mgongo mpana, mbuzi wanaupanda bila kufikiri. Kisha nikauliza, "Tambarare gani?" Msichana akanieleza. Nikaitandaza ramani mezani kupatafuta pale mahali, nikapaona: pameachwa peupe, hakuna kontua hata moja inayopita. Ndipo kile kikombe kikanitoka.

Kwa maana mahali pale nilipajua pia. Mimi nilikuwa nikikatiza hapo nikienda Kola kumtembelea shangazi yangu. Kuna korongo. Wakati wa kiangazi unashuka ndani yake, unatembea kwenye mchanga mkavu, unapanda upande wa pili, na ukiwa mle chini aliye juu hakuoni. Ramani haikulionyesha, na haikuwa imesema uongo. Kontua zile zinapishana mita ishirini za kimo. Ni sawa na mtu anayepima mahindi kwa gunia peke yake. Ukimpunguzia kikombe hana habari. Korongo linalommeza mtu mzima, kwa ramani ile, ni kikombe tu. Nilikuwa nimewafundisha kwamba pasipo na kontua ni tambarare, nikasahau kuwaambia ni tambarare kwa macho ya nani.

Nikaona yote kwa mpigo mmoja. Wametoka mahali salama kwa sababu karatasi imekuza, wamekwenda mahali pa hatari kwa sababu karatasi imeficha. Na watoto wadogo wako kule. Na huko juu, upande ambako korongo linakusanya maji yake, wingu lilikuwa limeketi tangu alfajiri kama kuku anayeatamia.

Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa hata sikumbuki kwa maneno gani. Alinitazama na sketi yangu iliyolowa chai akasema, "Nenda, nenda." Nikaondoka na ramani ndani ya mfuko wa nailoni na viatu vyangu vya ualimu, vile vyenye kisigino. Mvua ilikuwa imepungua pale kwetu, jambo lililoniogopesha zaidi, kwa sababu mtu akiona hapanyeshi alipo hujiona yuko salama. Njia nzima nilisali na kugombana na nafsi yangu. Nikifika nitawaambia nini? Kwamba ile niliyoandikia vizuri sana haikuwa vizuri?

Nilipita kwanza kwenye nyumba ya zamani. Kuta zilikuwa zimebaki wima bila paa, vyumba vimejaa maji ya mvua. Jikoni tu ndiko kulikobaki bati, na chini ya bati hilo alikuwa ameketi bibi yake Ndinda, Susu kama tunavyowaita nyanya zetu, na kuku wake na moto wake.

"Susu, wewe hukuhama?" nikamuuliza.

"Nihame niende wapi? Huu mlima mimi nimeolewa ukiwa hapa. Kama ulikuwa unanitaka ungenichukua nikiwa mrembo."

Usije ukadhani, mwanangu, kwamba Susu alikuwa na siri ya udongo ambayo sisi wenye vyeti hatukuijua. Hapana. Alikataa kuhama kwa sababu kuku mmoja alikuwa na mayai na hakutaka asumbuliwe. Alibahatisha tu. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kusimulia mambo haya kana kwamba mzee alijua na kijana hakujua. Siku ile hapakuwa na aliyejua. Tulikuwa tumepotea sote, kila mmoja kwa njia yake.

Nikateremka mbio kwenda chini. Pale tambarare nilikuta miti imesimikwa, mabati yamepigiliwa nusu, wanawake wa mwethya wanakanyaga udongo wa kuta, watoto wanacheza ukingoni kabisa mwa korongo. Ndinda alikuwa amebeba kindoo cha matope kichwani. Aliponiona alitabasamu, alidhani nimekuja kumpongeza. Tabasamu lile liliniuma. Baba yake, Mzee Kioko, alikuwa juu ya ngazi na nyundo.

Nilimsalimu, nikamweleza kwa pumzi moja: mlima hauanguki, hapa ndipo pabaya, watoe watoto. Akashuka ngazi polepole. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka upole wake una mwisho.

"Mwalimu," akaniambia, "juzi mlima unaanguka. Leo tambarare inazama. Kesho ni mbingu?"

Wanawake wakacheka. Nikacheka na mimi, kicheko cha mtu anayetaka kulia. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemletea karatasi moja ikamtoa nyumbani kwake, sasa nimemletea karatasi nyingine. Angeamini ipi?

Nikaona ramani haitanisaidia. Nikaomba kamba yao ya kufungia miti. Nikamwambia Ndinda ashike upande mmoja, aukanyage chini, na mimi nikapiga hatua tano ardhini, kisha nikamwambia mama mmoja anyanyue upande wangu hadi kwenye kimo cha hatua moja tu, karibu na kiuno chake. Kamba ikakaa mshazari. "Huu ndio mlima wenu," nikasema. "Kutoka nyumbani hadi kileleni, kwa kila hatua tano za mbele kuna hatua moja ya juu. Ndivyo ulivyo. Utazame."

Mzee Kioko aliitazama kamba, akautazama mlima, akaitazama kamba tena. Kwa kweli vilifanana.

"Na ile picha?" akauliza.

"Ile picha imevutwa mara kumi kwenda juu. Ndinda alikokotoa mwenyewe."

Akamgeukia bintiye. Maskini, mtoto alikuwa bado na kindoo kichwani, matope yanamchuruzika shingoni.

"Niliandika kumi, baba," akasema. "Lakini nilifikiri kumi ni ya hesabu tu. Mlima nikadhani ni ule nilioona."

Mwanangu, nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na sijasikia tena sentensi iliyonifundisha zaidi. Kumi ni ya hesabu tu. Ni mara ngapi tumempa mtoto alama kwa kumi ya hesabu, tukaondoka tukijipongeza, na yeye amebaki na picha inayomtisha? Niliona haya hadi masikioni.

Lakini Mzee Kioko alikuwa amefikiria jambo lingine. "Sawa," akasema. "Mlima hauanguki, tumesikia. Lakini hapa tumeshajenga. Watu wamechoka kubeba mabati. Mvua ikiisha tutaona. Ramani ya serikali haina mto hapa, Ndinda aliangalia mara mbili."

"Na hili korongo je?"

"Hili? Hili ni njia ya mbuzi. Tangu miaka ya njaa halijapitisha maji ya maana."

Hapo hofu ikanishinda, na hofu ikimshinda mtu kama mimi humfanya afanye upumbavu. Nikaishika ile kamba, nikampa yeye upande mmoja, nikavua viatu nikateleza ndani ya korongo na sketi yangu. Nilishuka kwa makalio, nikusimulie ukweli. Nikasimama chini kwenye mchanga uliolowa, nikanyoosha mkono juu kadiri nilivyoweza.

"Mzee Kioko! Unaniona?"

Sauti yake ikaja kutoka juu, "Mwalimu, uko wapi? Hata mkono hauonekani."

"Basi na ramani haituoni! Haioni kitu kidogo kuliko mita ishirini. Mimi hapa, nyumba yako, watoto wako, kwa ramani hatupo!"

Nilikuwa bado napiga kelele hivyo nilipohisi mchanga unabadilika chini ya nyayo. Ulikuwa ukitingishika kidogo tu. Halafu nikasikia mvumo, kama lori linalopanda mlima mbali sana, ila hapakuwa na barabara upande ule. Huko juu mwanamke mmoja akapiga yowe, "Wuui! Maji!"

Sikuwahi kuogopa namna ile, na mimi ni mtu wa kuogopa. Nilikumbuka kwamba nina kamba mkononi kwa sababu tu kamba ilinivuta. Mzee Kioko alikuwa anaivuta pamoja na wanawake wa mwethya, na mimi nikapandishwa ukutani mwa korongo kama ndoo ya kisimani, nikichubuka magoti. Nilipofika juu, maji ya kahawia yalikuwa yamefika pale niliposimama, yana matawi na povu. Hayakuja kwa kishindo kama watu wanavyofikiri. Yalikuja kifundoni, kisha gotini, kisha nikaacha kuyatazama, kwa maana tulikuwa tunabeba watoto.

Hakuna aliyeuliza tena habari za karatasi. Kila mtu alinyakua aliyekuwa karibu naye. Ndinda alimchukua mdogo wake mgongoni na mwingine mkononi, akatangulia kupanda kuelekea ule mlima aliokuwa akiukimbia. Nilimwona akisita mara moja, akainua macho kuutazama, akaendelea kupanda. Mimi nilikuwa nyuma yake na mtoto wa mtu mwingine, nisiyemjua hata jina, akinivuta nywele.

Kutoka juu tukageuka. Korongo lilikuwa limejaa hadi ukingoni, kisha ukingo wenyewe ukaanza kumeguka na kuanguka vipandevipande, kila kipande kikubwa kama meza. Miti ya nyumba mpya ikainama mmoja mmoja. Mabati yakapepea kidogo juu ya maji na kuzama. Mzee Kioko alihesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa, akarudia, akarudia tena, kisha akaketi matopeni akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Tulijibana sote chini ya bati moja la jikoni la Susu. Alitutazama tulivyokuwa, akasema, "Mmerudi? Nilijua ugali utawarudisha." Tukacheka hadi wengine wakalia.

Majirani wale wengine hawakuhama Jumamosi. Mwethya ulikusanyika, lakini kwa kumwezekea Mzee Kioko nyumba yake ya zamani, kwa mabati ya kuchangiwa.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Lakini kwangu mimi sehemu ngumu ilibaki. Ndinda alirudi shuleni akiwa mtoto mwingine. Alikuwa anaogopa kila kitu. Ukimpa ramani, anaigeuza chini juu. Ukimwuliza swali, anasema hajui, na anajua. Siku moja alinifuata nje ya darasa, akasimama akichezea mkanda wa sweta, akaniuliza swali ambalo hadi leo nikiwa peke yangu hunirudia. "Madam, nikiogopa kikubwa nakosea, nisipoogopa kidogo nakosea. Sasa niogope nini?"

Mimi, mtu wa wasiwasi wa maisha yote, ningejibu nini? Nikamwambia tu, "Ijumaa tutapanda mlima wenu. Darasa zima. Njoo na mchoro wako."

Ijumaa ile jua lilitoka kidogo. Nikawaambia washike karatasi mkononi na tutembee polepole. Kwenye ramani sentimita moja ilikuwa nusu kilomita, kwa hiyo nikawaambia kila tukimaliza sentimita moja tunasimama, kila mtu anaweka kidole alipo. Wakaanza kwa kelele na utani. Walipomaliza sentimita ya kwanza wakaniuliza kama ni kweli ni hiyo moja tu. Ya pili ilipoisha, kelele zilikuwa zimeisha pia, watu wanahema. Ya tatu tukafika kileleni, wakaanguka kwenye majani. Nikawauliza, ule ukuta uko wapi? Tumepanda ukuta? Wakatazama chini walikotoka, kisha wakatazama karatasi, na nikaona nyuso zikibadilika moja moja. Miguu ilikuwa imeelewa kile ambacho chaki yangu ya rangi haikuweza kukifikisha.

Ndinda alikuwa amekaa kando, hakutazama karatasi. Alikuwa anatazama mti mmoja mkavu, mizizi yake yote iko nje, imening'inia hewani, unaweza kupitisha mkono chini yake. Nikaenda nikachuchumaa naye.

"Huu mti ulipoota, udongo ulikuwa hapa," akasema akigusa pale mizizi inapoanzia. "Sasa uko hapa chini. Madam, udongo wa katikati umekwenda wapi?"

Alijijibu mwenyewe. Aligeuka akatazama kule chini, kwenye lile korongo, ambalo bado lilikuwa jekundu.

"Basi mlima unaanguka kweli," akasema. "Lakini haraka yake si kama yetu."

Nilisisimka mwili mzima, mwanangu. Nilikuwa nimemfundisha kipimo cha urefu, naye akakipata peke yake kipimo cha wakati. Na hofu yake ikapata mahali pa kukaa. Jioni hiyohiyo alimwambia baba yake, na baba yake, Mungu ambariki mtu yule, alimsikiliza tena, baada ya yote yaliyompata kwa sababu ya kumsikiliza. Msimu wa kiangazi uliofuata mwethya walichimba matuta kukata mteremko ule mzima, ya kuzuia udongo usiende. Ndinda alishika kamba ya kupimia.

Sasa nisikilize, wewe unayesoma na wewe unayeanza kufundisha, kwa maana ndilo jambo lililonifanya nikuweke hapa muda wote huu.

Ukionyeshwa jambo linalokutisha, kabla hujahamisha nyumba, uliza limekuzwa mara ngapi. Kila anayechora hukuza kitu, na si lazima awe mwongo. Anakuza ili kionekane. Hizo picha mnazoletewa kwenye simu mchana kutwa zimevutwa juu, nyingine zaidi ya mara kumi, na hakuna aliyewaandikia chini yake imevutwa kiasi gani. Na ukionyeshwa mahali peupe, mahali pasipo na hatari hata moja, uliza aliyepima alitumia gunia au kikombe. Kilicho kidogo kwa ramani kinaweza kukumeza wewe na watoto wako. Kisha uliza swali la tatu, lile la Ndinda: haraka yake ni kiasi gani? Kuna linalokuja alasiri hii, hilo likimbie. Kuna linalokuja kwa muda mrefu kuliko maisha yetu, hilo usilikimbie, lichimbie matuta.

Na usiamini kwamba umeelewa kipimo kwa sababu umepata jibu. Simama karibu na kitu chenyewe. Kitembee. Kiweke kando ya mwili wako, ulio nao kila siku, ujue kinakufika gotini au kinakupita kichwa. Ukiwa mwalimu, usimpe mtoto alama ya vyema hadi umemuuliza anaona nini akifumba macho.

Sikuambii usiogope. Ningekuwa mnafiki, mimi niliyechungulia mlango mara mbili nikikusimulia haya. Nakuambia uipime hofu yako, uipe kimo chake, isiwe ndefu wala fupi kuliko kile unachokiogopa.

Mungu akupe mwanangu miguu ya kupanda unachokitazama, na watu wa kukuvuta ukiteleza. Akupe mzazi wa kukusikiliza mara ya pili. Watoto wako uwahesabu jioni na uwakute wote.